Programu za Kuweka Kwenye Kompyuta Yenye Linux: Mwongozo Kamili Usiomaliza Bando Wala Kuvuruga Mfumo

Kompyuta imewaka, Linux iko tayari, na jambo la kwanza mtu analofanya ni kufungua kivinjari na kutafuta "download VLC". Anashusha faili linaloishia na .exe, ambalo ni la Windows, analibofya mara mbili, halifanyi kitu. Analibofya tena. Jioni anaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba Linux imegoma.

Wanaokwama hukwama pale pale. Mmoja anahangaika mtandaoni kutafuta programu wakati mfumo wenyewe una ghala lake. Mwingine anaagiza programu kumi na tano kwa mkupuo, bando linakata akiwa kwenye ya tisa. Wa tatu umeme unamkatikia usakinishaji ukiwa katikati, na kuanzia hapo kila amri anayoandika inarudisha kosa. Wote watatu walikuwa na programu sahihi. Kilichowaangusha ni mpangilio, kwa hiyo fuata hatua hizi kama zilivyopangwa.

Amri zote humu ni za Linux Mint 22 na Ubuntu 24.04, aina mbili za Linux. Zinapotofautiana, tutasema. Na kabla hatujaenda mbali: kwa lugha ya Linux, "kifurushi" ni faili lenye programu ndani yake. Kifurushi cha mtandao tutakiita bando, tusije tukachanganyana.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Kompyuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi, na nafasi tupu ya GB 30 kwenye diski.
- Bando la GB 5. Sehemu kubwa italiwa na masasisho ya mwanzo, si programu zenyewe.
- Simu na waya wa USB unaopitisha data. Waya nyingi za bei rahisi huchaji tu. Ukichomeka na simu isionyeshe chaguo la "USB tethering", badilisha waya kabla ya kulaumu kompyuta.
- Flashi ya GB 16, kama una kompyuta zaidi ya moja za kuhudumia.
- UPS kwa kompyuta ya mezani. Kama huna, angalau hakikisha uniti za LUKU hazijafika ukingoni.
- Nenosiri la mtumiaji, lile ulilounda siku ya kusakinisha Linux.

Kuhusu nenosiri: ukiandika amri inayoanza na `sudo`, yaani inayotumia mamlaka ya msimamizi, utaombwa nenosiri. Mint huonyesha nyota unapoandika. Ubuntu 24.04 haionyeshi hata nukta, na watu hudhani kibodi imekufa. Andika tu hadi mwisho, bonyeza Enter. Kubandika amri kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ni Ctrl+Shift+V, si Ctrl+V.

## Hatua ya 1: Saa kwanza

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoangusha kompyuta nyingi za mtumba za Kariakoo. Betri ya saa kwenye ubao mama, ile bapa kama sarafu iliyoandikwa CR2032, mara nyingi huwa imekwisha. Ukichomoa waya wa umeme, saa inarudi nyuma miaka kadhaa. Kompyuta inayoamini iko mwaka 2015 inakataa vyeti vya usalama vya tovuti, na ghala la programu linajibu kwamba faili la "Release" bado halijaanza kutumika, kwa maneno haya: "is not valid yet".

Andika:

`timedatectl`

Tafuta mistari miwili. Wa "Time zone" useme `Africa/Dar_es_Salaam (EAT, +0300)`, na wa "System clock synchronized" useme `yes`. Kama sivyo:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Subiri dakika moja ukiwa na intaneti, kisha angalia tena. Ikiwa saa inapotea kila unapozima kwenye swichi ya ukutani, badilisha betri. Hakuna amri itakayokusaidia hapo.

Kama umeacha Windows humo humo, utaona Windows iko nyuma kwa saa tatu kila ukitoka Linux. Linux huhifadhi saa ya ubao kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa. `sudo timedatectl set-local-rtc 1` inawapatanisha.

## Hatua ya 2: Iambie kompyuta kwamba bando lina bei

Mifumo mingi imeundwa ikidhani intaneti haiishi. Simu ikiunganishwa kwa USB, mara nyingi kompyuta hutambua yenyewe kwamba data inapimwa. Rauta na MiFi haitambui. Orodhesha mitandao yako:

`nmcli connection show`

Kisha, ukiweka jina la mtandao wako kama lilivyoonekana kwenye orodha:

`nmcli connection modify "Nyumbani" connection.metered yes`

Katisha mtandao na uunganishe upya. Ubuntu inahitaji mstari mmoja zaidi, kwa sababu Firefox yake na programu nyingine huja kama snap, aina nyingine ya vifurushi, na snap hujisasisha zenyewe bila kukuuliza:

`sudo snap set system refresh.metered=hold`

Mint haina snap, kwa hiyo wa Mint apite.

## Hatua ya 3: Chagua ghala lililo karibu, kisha sasisha

Kwenye Mint, fungua "Software Sources". Utaona sehemu mbili, "Main" na "Base". Bofya kila moja, acha orodha ijipime kasi, uchague ya juu kabisa. Usichague kwa jina la nchi. Ghala la Afrika Kusini au hata la Ulaya linaweza kuwa na kasi kuliko lililo karibu kwenye ramani. Kwenye Ubuntu ni "Software & Updates", halafu "Download from", "Other", kisha "Select Best Server".

Sasa:

`sudo apt update`
`sudo apt upgrade`

Amri ya kwanza haisakinishi kitu. Inasoma upya orodha ya vilivyomo ghalani. Ya pili ndiyo nzito. Kabla haijaanza itakuonyesha mstari kama huu:

`Need to get 612 MB of archives.`

Huo ndio mstari wa kuzoea kuusoma kuliko yote. Ndiyo bei. Salio lako likiwa MB 400, bonyeza n na Enter, hakuna kitakachoharibika. Ukiona inatosha, bonyeza y. Mtandao ukikatika njiani, rudia amri ile ile: apt, programu inayosimamia vifurushi, huendelea ilipoishia, haianzi upya.

Umefanikiwa ikiwa `sudo apt update` inamalizia na "All packages are up to date". Ubuntu wakati mwingine hubakiza vifurushi viwili vitatu ikisema vimeahirishwa. Ni utaratibu wake wa kutoa masasisho kwa awamu. Viache.

## Hatua ya 4: Piga picha ya mfumo

Timeshift hupiga picha ya mfumo mzima ili ukivuruga urudi ulikokuwa. Kwenye Mint ipo tayari. Kwenye Ubuntu:

`sudo apt install timeshift`

Ifungue, chagua "RSYNC", chagua diski, halafu bonyeza "Create". Diski ya kuhifadhia lazima iwe ya mfumo wa Linux kama ext4. Ukichomeka diski ya nje ya NTFS, mfumo wa Windows, Timeshift haitaikubali, na hilo si kosa la diski.

Onyo: Timeshift haihifadhi picha zako, nyaraka wala muziki. Ni ya mfumo tu. Mafaili yako yanakiliwe kwingine kwa programu kama Déjà Dup (`sudo apt install deja-dup`).

## Hatua ya 5: Shusha usiku, sakinisha mchana

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Linux inakuruhusu kutenganisha kushusha na kusakinisha. Unashusha wakati bando la usiku liko hewani, unasakinisha asubuhi bila intaneti, umeme ukiwa umetulia.

Tumia `apt-get`, si `apt`. Amri ya `apt` hufuta vifurushi ikishamaliza kuvisakinisha. Ya `apt-get` huvibakiza, nawe unaweza kuvipeleka kwenye kompyuta nyingine.

`sudo apt-get install --download-only vlc gimp unrar p7zip-full pdfarranger`

Kama bando linaanza saa sita usiku nawe unalala saa tatu, nenda kwanza kwenye mipangilio ya umeme uzime usingizi wa kompyuta, kisha:

`sudo sh -c "sleep 3h; apt-get -y --download-only install vlc gimp unrar p7zip-full pdfarranger; poweroff"`

Itasubiri saa tatu, itashusha, itajizima. Jaribu kwanza ukiwa macho kwa kuandika `sleep 1m` badala ya `sleep 3h` na kuondoa `; poweroff`.

Asubuhi hakikisha vimefika:

`ls -lh /var/cache/apt/archives/*.deb`

Kisha andika amri ya kawaida, `sudo apt-get install` na majina yale yale. Ukiona mstari unaosema `Need to get 0 B`, ukifuatiwa na mkwaju na ukubwa wa vifurushi, ndiyo mafanikio: hakuna hata baiti moja itakayotoka kwenye bando. Ikiwa si sifuri, kuna uwezekano uliendesha `apt update` katikati na ghala likatoa toleo jipya. Kwa hiyo usisasishe orodha kati ya kushusha na kusakinisha.

Mwenye kompyuta kumi za darasa au za steshenari anakili vifurushi kwenye flashi:

`cp /var/cache/apt/archives/*.deb /media/$USER/FLASHI/`

Badala ya FLASHI weka jina la flashi yako. Kwenye kompyuta ya pili, fungua terminali ndani ya folda hilo uandike `sudo apt install ./*.deb`. Alama ya `./` ni ya lazima. Inaiambia apt kwamba faili liko hapa, lisitafutwe ghalani.

Tahadhari moja: kompyuta ya kwanza hushusha kile tu ilichokosa yenyewe. Ikiwa ilikuwa na maktaba fulani tayari, yaani kifurushi ambacho programu nyingine hukitegemea, haitaingia kwenye flashi, na ya pili itadai. Kompyuta zote ziwe toleo moja, na ya kushushia iwe imesakinishwa upya kama zenzake.

Kwa nini hatuanzi na Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu, ambayo Mint imeiweka tayari? Kwa sababu programu ndogo ya Flatpak huja na msingi wake wa kuendeshea, ambao peke yake hufika mamia ya MB. Programu ya pili na ya tatu hugawana msingi huo, ikiwa zinatumia toleo lile lile. Kwa mwenye faiba nyumbani si neno. Kwa bando la siku, anza na apt, na Flatpak iwe kwa kile kisichopatikana ghalani.

## Hatua ya 6: Ofisi na fonti

LibreOffice, programu ya ofisi, inakuja na Mint, ila kwenye Ubuntu kama hukuchagua "Extended selection" siku ya kusakinisha itabidi uiagize: `sudo apt install libreoffice`. Lawama kubwa kwamba "inavuruga nyaraka" kwa kweli ni lawama ya fonti. Barua imeandikwa kwa Calibri, kompyuta haina Calibri, inaweka fonti nene kidogo, mstari unasukumwa, sahihi ya mkurugenzi inaangukia ukurasa wa pili.

Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na hazigawiwi bure. Lakini zipo Carlito na Caladea, zilizotengenezwa zikiwa na upana ule ule wa herufi. Jedwali halisogei.

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Funga LibreOffice, kisha pima:

`fc-match Calibri`

Jibu liwe `Carlito-Regular.ttf`. Likija jina lingine, andika `fc-cache -f` na urudie.

Halafu kuna kifurushi kinachotajwa kila mahali, cha Arial na Times New Roman:

`sudo apt install ttf-mscorefonts-installer`

Mambo matatu kuhusu hiki. Kwanza, kitakuonyesha ukurasa wa masharti wenye neno "Ok" chini ambalo kipanya hakilibofyi. Bonyeza Tab hadi liwake, halafu Enter. Kwenye ukurasa unaofuata fanya vivyo hivyo kwa "Yes". Wengi huishia hapo, wanafunga dirisha, na mfumo unabaki nusu nusu. Pili, kifurushi chenyewe ni kidogo, lakini fonti hushushwa wakati wa kusakinisha, kwa hiyo ujanja wa Hatua ya 5 haukifai: lazima intaneti iwepo saa ile ile. Ikishindikana:

`sudo apt install --reinstall ttf-mscorefonts-installer`

Tatu, maoni yetu: si cha lazima. Fonti za Liberation zilizopo tayari zina upana sawa na Arial na Times New Roman. Carlito ndiyo yenye tofauti ya kuonekana. Nyaraka mpya za Word zinazokuja na Aptos hazina pacha hapa. Mwombe aliyezituma akupe PDF.

Sasa ndani ya LibreOffice: "Tools", "Options", "Load/Save", "General". Kwenye "Always save as" chagua Word 2010-365 (.docx), na ufanye hivyo kwa lahajedwali pia. Bila hivyo utatuma .odt kwa mtu ambaye ataifungulia kwenye simu na kukujibu "haifunguki".

Kwa anayeandika Kiswahili, kamusi ya kukagua tahajia ni `sudo apt install hunspell-sw`. Ukishaiweka, chagua lugha ya maandishi kuwa Kiswahili cha Tanzania, mistari myekundu chini ya kila neno itapungua. Haitaisha: kamusi hiyo hailijui hata neno la jana la mtaani.

Na kazi ya kuchapisha nje, iwe steshenari ya Mwenge au ya chuoni, ipeleke kwa PDF daima. "File", "Export as PDF". Hapo fonti husafiri ndani ya faili.

## Hatua ya 7: Video, muziki na mafaili yaliyofungwa

Vifurushi vya kusomea aina mbalimbali za video na muziki, kwenye Mint: `sudo apt install mint-meta-codecs`. Kwenye Ubuntu: `sudo apt install ubuntu-restricted-extras`, ambayo italeta tena ule ukurasa wa masharti ya fonti, sasa unajua namna ya kuupita. VLC ichukue pia, inafungua hata video iliyokatika katikati. Kwa mafaili ya .rar na .7z, `unrar` na `p7zip-full` za Hatua ya 5 zinatosha.

## Hatua ya 8: Kivinjari, WhatsApp na mikutano

Firefox iliyopo inatosha kwa karibu kila kitu. Ukitaka Chrome, ishushe kwenye tovuti ya Google, chagua faili la .deb, kisha ukiwa kwenye folda ulikoishushia:

`sudo apt install ./google-chrome-stable_current_amd64.deb`

Ikishaingia, inajiandikisha ghalani na itasasishwa pamoja na vingine.

WhatsApp haina programu rasmi ya Linux. Zinazotajwa mitandaoni zimetengenezwa na watu wengine, na hakuna sababu ya kuwapa mazungumzo yako. Tumia web.whatsapp.com. Kwenye Mint fungua "Web Apps", weka anwani hiyo na jina, utapata ikoni yake kama programu nyingine yoyote. Kwenye Ubuntu, Chrome inaweza kuugeuza ukurasa kuwa programu kupitia menyu yake. Simu haihitaji kuwa hewani muda wote, ila usipoigusa siku 14 kompyuta inatolewa.

Zoom ina .deb kwenye tovuti yake, sakinisha kwa `./` kama Chrome. Teams itumie kwenye kivinjari. Programu yake ya Linux ilisitishwa.

## Hatua ya 9: Printa

Printa mpya za mtandao hutambuliwa zenyewe. Zenye visa ni HP ndogo za leza, kwa mfano LaserJet P1102. Dalili ni moja: printa inaonekana, unatuma kazi, kompyuta inasema imekamilika, karatasi haitoki. Sababu ni kwamba printa hizo zinahitaji kipande cha ziada cha HP kisichoruhusiwa kukaa ghalani.

`sudo apt install hplip hplip-gui`
`hp-plugin`

Fuata maswali, kubali masharti, kisha `hp-setup` ukiwa umechomeka printa. Kipande hicho lazima kilingane na toleo la hplip. Ndiyo maana baada ya sasisho kubwa printa iliyokuwa ikifanya kazi hunyamaza ghafla: endesha `hp-plugin` upya. Usishushe hplip kutoka tovuti na kuiweka juu ya ile ya ghalani. Zitagombana, na kuzitenganisha ni kazi ya siku nzima.

Epson nyingi hutosheka na `sudo apt install printer-driver-escpr`. Canon za leza hudai dereva kutoka tovuti ya Canon.

Umefanikiwa ukurasa wa majaribio ukitoka. Usipotoka, andika `lpstat -t` usome hali ya foleni. Neno "disabled" maana yake foleni imesimamishwa, mara nyingi kwa sababu karatasi ilikwama wiki iliyopita na hakuna aliyeiwasha tena.

## Hatua ya 10: Flashi za mtaani

Flashi iliyopita kwenye kompyuta tatu za kuchapishia hurudi na "shortcut": folda zote zimegeuka njia za mkato. Kwenye Linux kirusi hicho hakiendeshwi. Utaona mafaili ya .lnk, pengine na .vbs, na kando yake folda lisilo na jina, au lenye jina la nafasi tupu. Lifungue. Nyaraka zako zimo humo, salama. Zikili kwenye kompyuta, kisha futa .lnk na .vbs.

Ukitaka kukagua kabla ya kumrudishia mwenyewe:

`sudo apt install clamav`
`clamscan -r -i /media/$USER/FLASHI`

Orodha yake ya virusi ni kubwa, zaidi ya MB 100 mara ya kwanza, kwa hiyo iache ishuke usiku. Usiiendeshe `sudo freshclam` kwa mkono. Huduma yake inafanya kazi hiyo nyuma ya pazia, na ukilazimisha utaambiwa faili la kumbukumbu limefungwa. Usiongeze `--remove` pia. Inafuta bila kuuliza, hata barua ya mtu iliyoshukiwa kimakosa.

Diski ya Windows ikikataa kuandikwa, Windows haikuzimwa kikamilifu. Zima "Fast Startup" kule kule Windows.

Ukuta wa moto (firewall) ni amri moja, `sudo ufw enable`. `sudo ufw status` ijibu "active".

## Hatua ya 11: PDF za maombi

Anayeomba kazi au mkopo wa masomo hukutana na masharti mawili: vyeti viwe faili moja la PDF, na faili lisizidi ukubwa fulani. Kuunganisha:

`pdfunite barua.pdf cv.pdf vyeti.pdf maombi.pdf`

Jina la mwisho ni la faili jipya. Ukilisahau, vyeti.pdf ndilo litakaloandikwa juu yake, na cheti chako cha kidato cha nne kimekwenda na maji. Kupunguza ukubwa:

`gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf maombi.pdf`

Fungua ndogo.pdf usome muhuri na namba ya mtihani. Zikififia, skani upya kwa dpi 200 badala ya 600. Kupunguza kwenye chanzo hutoa herufi safi kuliko kubana baadaye. Asiyependa amri atumie `pdfarranger`, unaburuta kurasa kwa kipanya.

## Za kazi maalumu

Mchora kadi za michango na mabango aweke `gimp` na `inkscape`. GIMP inafungua PSD lakini maandishi yenye madoido huweza kuvunjika. LibreOffice Draw inafungua mafaili ya Publisher na mengi ya CorelDRAW, kwa kusoma na kurekebisha kidogo. Usiahidi mteja zaidi ya hapo. Video ni `kdenlive`, sauti ni `audacity`, kurekodi skrini ni `obs-studio`. Kila moja ina ukubwa wake, soma ule mstari wa "Need to get".

Duka linalotumia Tally libakize Windows kwenye kompyuta hiyo. Tally ni ya Windows, na hesabu za watu si mahali pa majaribio.

## Usiweke hivi

Wine siku ya kwanza, kwa matumaini kwamba kila .exe itaendeshwa. Programu za "kusafisha" kompyuta, hasa zikiendeshwa kwa `sudo`. Mazingira ya pili ya dawati juu ya la kwanza, ati upate mwonekano mzuri. Na amri yoyote ya kunakili inayoanza na `curl` na kuishia na `sudo bash`, kutoka kwa mtu usiyemjua: hiyo ni kumkabidhi funguo za nyumba dalali wa barabarani.

## Kosa likitokea

"Unable to locate package": umekosea herufi, au hujaendesha `sudo apt update`. Kwenye Ubuntu, jaribu pia `sudo add-apt-repository universe`.

"Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend": kuna programu nyingine inasakinisha, mara nyingi sasisho la kujiendesha. Subiri dakika kumi. Ushauri wa kufuta faili la kufuli umezagaa mtandaoni na ni mbaya. Ni sawa na wapishi wawili kwenye sufuria moja, kila mmoja akitia chumvi.

"dpkg was interrupted": umeme ulikatika katikati. Washa, usiguse kingine, andika hizi mbili kwa mpangilio huu:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

Ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyoachwa njiani, ya pili inaleta tegemezi zilizokosekana. Ikiwa ya kwanza inagoma kila mara kwenye jina lile lile la kifurushi, kinaweza kuwa kiliharibika wakati wa kushushwa. Safisha kwa `sudo apt clean`, kishushe upya kwa `sudo apt install --reinstall` na jina lake. Hiyo nayo ikishindikana, fungua Timeshift na urudi kwenye picha ya Hatua ya 4.